Namba Ilimfuata Mama: Miaka Yangu ya Kuhesabu Bula za Isiolo

Siku ya kwanza kazini nilipewa mkebe wa rangi nyeusi, brashi mbili, chupa ya tapentaini na vipande kumi vya bati vilivyokatwa tarakimu katikati, kuanzia sifuri hadi tisa. Vipande hivyo tuliviita stensili. Unaweka kipande juu ya mlango, unapaka rangi, unakitoa, na namba inabaki imesimama vizuri kama imetoka kiwandani. Ilikuwa asubuhi, mwaka wa sabini na moja, mbele ya ofisi ya ploti, yaani viwanja vya kujenga, hapa Isiolo. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Shule nilisoma madarasa matatu tu, kwa hivyo tarakimu nilizijua vizuri kuliko herufi.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Mkaguzi wa Nyumba, Mzee Aden. Baba yake alikuwa mmoja wa wale askari wa Kisomali ambao Mwingereza aliwaleta hapa baada ya vita vya kwanza vya dunia akawaambia wakae. Mzee Aden alivaa kofia ya kufuma na viatu vilivyong'aa hata kwenye vumbi la soko la mbuzi. Alinikuta nimesimama mbele ya mlango wa duka la kwanza, brashi mkononi, rangi inadondoka kwenye kidole cha mguu.

"Mbona unatetemeka? Huo mlango umekuuma?"

"Hapana, mzee."

"Basi paka. Namba moja. Na usipake katikati kama mtu anaandika barua ya mapenzi. Juu, upande wa kulia, mahali mbuzi hawezi kulamba."

Nikapaka. Mwenye duka akatoka akauliza kama hilo ni deni amewekewa. Mzee Aden akamwambia, "Ni jina la nyumba yako, ndugu. Hata nyumba inataka kuitwa."

Mimi naitwa Guyo. Kwa sababu ya ile kazi watu waliniita Guyo Rangi, na baadaye waliniita majina mabaya zaidi. Naandika haya kwa vijana wanaoona Isiolo ilivyo kubwa sasa, bula juu ya bula, yaani mtaa juu ya mtaa, na hawajui mji ulijazwa na nani na uliandikwa vipi. Pia naandika kwa sababu ya bula moja iliyoitwa Dadacha, nyumba tisini na sita za mikeka, ambayo haiko tena. Wanaosema ilihama yenyewe wanasema uongo. Walioihamisha nitawataja.

Nianze na kazi yenyewe. Mtu akikuambia kuhesabu watu ni rahisi, mwulize ataanzia wapi. Sisi tulianzia mkono wa kushoto. Unashika barabara, unazihesabu nyumba zote za kushoto mpaka mwisho, unageuka, unarudi na kushoto kwako tena, ambako sasa ni ule upande mwingine. Hivyo huruki nyumba na huhesabu moja mara mbili. Mtu wa kukata kona hapa na pale, leo upande huu, kesho ule, huyo atakuletea mji usiokuwako.

Halafu kuna kaya. Kaya si nyumba. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja na wana mkubwa mmoja wa kujibu mambo yao. Mwanamume mwenye wake wawili, kila mmoja na jiko lake, hizo ni kaya mbili hata kama yeye ni mmoja na analala kwa zamu. Mzee Aden alikuwa anasema, "Tafuta moshi, Guyo. Moshi ni mkweli. Watu wanaweza kukudanganya, lakini hawawezi kupika bila moshi."

Wakati huo katikati ya mji kulikuwa na maduka, msikiti, ofisi, na nyumba za mabati za wale watoto wa askari wa zamani, waliokuwa na lori na biashara ya ng'ombe. Wameru walishuka na mboga na ndizi wakapanga vyumba. Waturkana walikuja kutafuta kazi ya kuchimba na kubeba. Na sisi Waborana tulijaa pembeni, kila mwaka zaidi, kwa sababu tulikuwa tumetoka katika Daba.

Vijana, Daba ni ile miaka ya sitini watu wetu walipofungiwa ndani ya kambi za waya. Neno lenyewe maana yake ni kusimamishwa. Mimi nilikuwa katika kambi ya Garbatulla. Mifugo yetu iliisha. Baba alikufa, halafu ndugu zangu wawili, halafu mama. Kila asubuhi tulipangwa mstari tukahesabiwa, na jioni tena. Nilitoka pale peke yangu, nikatembea mpaka Isiolo na watu nisiowajua. Kwa hivyo mtu aliyeniona nimeajiriwa kuhesabu watu alikuwa na haki ya kuniangalia vibaya. Hata mimi nilijiangalia vibaya. Lakini nilikuwa na njaa, na Mzee Aden alikuwa mtu wa kwanza mjini kuniita kwa jina.

Shida ya bula za pembeni ilikuwa nyumba za mikeka. Nyumba ya Kiborana ni fito zilizopindwa na mikeka juu yake. Ile nyumba ni ya mama. Yeye ndiye anaijenga, anaifungua, anaipakia kwenye ngamia au punda, anaisimamisha tena mahali pengine. Mume hana nyumba. Anaingia kwa mkewe. Sasa namba utapaka wapi? Rangi haishiki mkeka. Ukipaka fito, kesho imegeuzwa ndani.

Mimi ndiye nilipata dawa yake. Nilichukua mikebe ya mafuta ya kupikia, nikaikata, nikainyoosha, nikapaka namba juu ya bati nikalitoboa tundu mbili na kulifunga mlangoni kwa kamba. Mzee Aden alifurahi sana. Lakini baada ya wiki mbili tukarudi, tukakuta namba kumi na saba iko kando ya namba arobaini. Mtoto alikuwa amefariki katika ile nyumba na mama ameihamisha, kama desturi inavyotaka. Namba ishirini haikuonekana kabisa. Mwenyewe alikuwa anafunikia maziwa na lile bati.

"Sasa tufanyeje?" nikauliza. "Turudishe namba mahali pake?"

Mzee Aden alifikiri akichezea kofia. "Mahali si mtu. Sisi tunaandika watu." Akafungua rejista, kile kitabu kikubwa cha ofisi, ukurasa wa kwanza, akaandika kwa mkono wake huku akisoma kwa sauti: "Kwa nyumba za mikeka, namba inafuata mama, haifuati mahali." Akatia sahihi. Akaniambia, "Waambie. Mama akihama abebe bati lake. Akirudi alifunge tena. Tutamjua."

Nikawaambia. Kila bula nilipita nikiwaambia akina mama, "Ukihama, beba bati lako." Wakanisikia. Kwa watu waliopoteza kila kitu, kitu chenye namba kutoka serikalini kilikuwa na uzito. Wengine walikisugua kwa majivu kikang'aa. Walikuwa wanaamini kwamba lile bati ndilo haki yao ya mahali. Mimi sikuwaambia kwamba silo. Sikujua pia.

Nilitumwa kazi nje mara mbili. Kwanza Garbatulla, chini ya Afisa wa Tarafa ambaye sikumpenda na yeye hakunipenda. Nilipaka namba katika nyumba zilizosimama karibu na pale kambi yetu ilipokuwa. Wakati wa mchana nilikuwa naenda kukaa pale peke yangu. Waya ulikuwa umeng'olewa, mashimo ya nguzo bado yako. Sikulia. Nilihesabu mashimo tu, kwa mazoea. Halafu nilitumwa Rapsu, walipokuwa wanagawa mashamba ya kumwagilia maji, kuandika nani ana kipande gani. Msimamizi wa pale, mtu mnene mwenye kicheko, aliniuliza, "Wewe Guyo, unahesabu watu wote hawa, wewe nani anakuhesabu?" Alikuwa anatania. Niliporudi Isiolo nilimwoa Sadia, msichana wa Bula Dadacha, labda kwa sababu ya lile swali.

Bula Dadacha ilikuwa ng'ambo ya eneo la karantini, ambako ng'ombe walizuiliwa kukaguliwa magonjwa, ardhi tambarare yenye miti mitatu minne ya mgunga. Nyumba tisini na sita za mikeka na nne za mabati. Mkubwa wa pale kwa maneno alikuwa shangazi yake Sadia, mjane, Mama Kabale. Hakuwa na cheo. Alikuwa na mdomo tu, na ulitosha.

Mwaka wa sabini na tisa ikaja ile hesabu kubwa ya nchi nzima. Waliajiri walimu kuandika fomu, na sisi wa namba tuliwatangulia ili wajue nyumba. Bula Dadacha walikataa. Mwalimu alienda akakuta akina mama wamekaa nje na milango imefungwa, kila mmoja anasema ndani hakuna mtu. Mzee Aden, ambaye alikuwa karibu kustaafu, akanituma. "Wewe ni mkwe wao. Wakiandikwa watawekwa kwenye orodha ya bomba la maji. Wasipoandikwa hawapo. Nenda ukawaambie hivyo hivyo."

Nilimkuta Mama Kabale anashona mkeka.

"Ayo," nikamwamkua, yaani mama. "Wamekuja kuhesabu tu."

"Tu?" Hakuinua macho. "Kule Daba tulihesabiwa asubuhi, tukahesabiwa jioni. Kila siku tunapungua. Walikuwa wanahesabu nini, kaburi?"

"Hii si ile. Hii ni serikali inataka kujua watu wako wangapi, ilete maji."

"Maji inajua kuhesabu?" Wanawake wakacheka. Mmoja akasema, "Mwulize kama watahesabu punda pia, punda yangu anakunywa kushinda bwana yangu."

"Ayo, nimekaa kule kambini kama nyinyi," nikasema. "Mimi sina mtu aliyebaki kutoka kule. Ningekuja hapa kuwauza?"

Ndipo akaniangalia. Aliniangalia muda mrefu. Sijui aliona nini.

"Wewe unatuambia hii ni kitu mzuri?"

"Mimi nawaambia."

"Basi tutaandikwa. Kwa mdomo yako."

Hiyo ndiyo ilikuwa siku nzuri kushinda zote katika kazi yangu, nasema kweli. Nilizunguka na mwalimu nyumba kwa nyumba. Nilimfundisha asiulize mama ana watoto wangapi, maana kwetu watoto hawahesabiwi kwa mdomo. Atakujibu Mungu ndiye anajua. Uliza majina. Anza na mkubwa. Kila jina piga kijiti kimoja kwenye karatasi, halafu ukitoka nje, jumlisha mwenyewe. Tulimaliza bula yote bila kuruka mtu. Sadia alinipikia siku hiyo akaimba.

Mzee Aden alistaafu mwaka uliofuata, akafariki baada ya muda mfupi. Mahali pake hapakuletwa mkaguzi. Aliletwa Karani wa Ploti, na jina lake ni Murithi. Nalitaja. Alikuwa mtu safi, mpole, penseli nyuma ya sikio, hakuwahi kunipigia kelele hata siku moja. Na rafiki yake mkubwa alikuwa Diwani Halake, Mborana mwenzetu, mtu tuliyempigia kura sisi wenyewe, na tukambeba mabegani. Namtaja huyo pia.

Bomba la maji halikuja. Nilipouliza, Murithi aliniambia faili iko njiani. Halafu ikaja njaa ya miaka ile ya themanini ambayo kila mtu wa huku anaikumbuka. Nyasi ilikwisha karibu na mji. Watu wa Bula Dadacha waliokuwa na wanyama wachache waliobaki walifungua nyumba zao, wakapakia fito na mikeka, wakaelekea upande wa Kipsing kutafuta malisho. Walibaki wale wa nyumba nne za mabati peke yake. Mama Kabale alikuja kuniaga. Alikuwa amefunga bati lake shingoni mwa punda, namba sitini na mbili.

"Mvua ikinyesha tunarudi," akasema. "Angalia mahali petu."

Nikamwambia nitaangalia.

Hawakumaliza miezi miwili. Murithi akaniita asubuhi. "Bwana Guyo, wewe ndiye kitabu chetu. Beba rejista, tunaenda kutembea." Nje kulikuwa na Diwani Halake, wapimaji wawili wenye tepu, na mkokoteni wa bikoni, yaani yale mawe ya saruji ya kuonyesha mpaka wa ploti. Tukaenda moja kwa moja hadi Bula Dadacha. Kando ya zile nne za mabati palikuwa na miviringo tu ardhini, mmoja baada ya mwingine, pale nyumba za mikeka zilipokuwa zimesimama, na mawe matatu ya jiko katikati ya kila mmoja.

Murithi akasimama ndani ya mviringo wa kwanza. "Hapa kuna namba?"

"Hapa ni kwa Mama Kabale. Sitini na mbili."

"Simwoni Mama Kabale. Nimekuuliza namba iko?"

"Ameenda nayo."

Diwani Halake akacheka mpaka akashika tumbo. "Nyumba imeenda matembezi! Itarudi saa ngapi?"

"Diwani, wewe unajua desturi," nikamwambia kwa Kiborana.

"Ongea Kiswahili, karani asikie," akanijibu kwa Kiswahili.

Murithi hakucheka. Alisema polepole, kama mwalimu na mtoto mzito. "Guyo, ploti iliyo na namba ina mwenyewe. Sivyo? Na isiyo na namba?"

Nikaangalia mawe ya jiko.

"Isiyo na namba?"

"Ni wazi," nikasema.

"Mimi sijasema. Umesema wewe. Basi andika."

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo mtu hupenda kujificha nyuma ya wakubwa. Rejista ilikuwa mikononi mwangu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mwandiko wa Mzee Aden na sahihi yake: namba inafuata mama. Nilichohitaji ni kufungua ukurasa mmoja na kusema, tazameni, hii ndiyo kanuni ya ofisi. Labda wangenifukuza. Labda Murithi angeurarua. Lakini mmoja wa wale wapimaji angesikia, na neno lingeandikwa mahali. Sikufungua. Ulikuwa mwaka wa njaa na mimi nilikuwa mtu mwenye kazi. Niliogopa. Nikaandika "wazi" mara tisini na sita, na kila nilipoandika nilijua jina la mama wa pale. Wale wapimaji wakaniomba niwasaidie kupaka bikoni rangi nyeupe. Nikapaka.

Mvua ilinyesha. Wakarudi kama walivyosema. Niliwaona kwa mbali kutoka barabarani, punda wamebeba fito, akina mama mbele. Palikuwa tayari na ua wa waya na shehena ya mawe ya kujengea. Watu wa kanjo, yaani askari wa baraza la mji, walisimama na rungu. Diwani Halake alikuja, na Murithi, na mimi nikaitwa nije kutafsiri. Kutafsiri, mbele ya watu wa mke wangu!

Akina mama hawakupiga kelele. Walifungua mizigo wakatoa mabati yao, mmoja mmoja, wakayainua. Yalikuwa yamesuguliwa. Wengine walikuwa wamepoteza mtoto kule Kipsing, wengine ng'ombe wa mwisho, lakini bati hakupoteza mtu.

"Mwambieni karani," Mama Kabale akasema, "hii ni namba yangu. Aliandika mkwe yangu, huyu hapa."

Diwani Halake akainua mabega. "Mama, bati si hati. Hapa ilipimwa ikakuwa wazi. Mwulizeni Guyo, ndiye aliandika."

Wote wakaniangalia. Nimeangaliwa na askari wenye bunduki nikiwa kijana kambini, na sikuhisi vile.

"Ni kweli?" Mama Kabale akauliza.

"Ni kweli, ayo."

Akainama, akaliweka bati lake mbele ya miguu yangu, polepole, kama mtu anayeweka chakula. Wale wengine wakafanya vile vile. Halafu wakapakia, wakaondoka, wakaenda nje kabisa, mbali na barabara ya kaskazini, mahali ambapo hakuna aliyetaka ploti kwa sababu hakuna maji.

Sadia aliniuliza swali moja tu nilipofika nyumbani. "Ulisema neno lolote?" Nikamwambia nilikuwa nafanya kazi. Hakupigana na mimi. Alifungasha vitu vyake, akaenda Kinna kwa kaka zake, na baada ya miaka miwili nikasikia ameolewa. Hatukuwa na mtoto aliyebaki hai wa kumrudisha.

Murithi alijua kwamba sasa mimi ni shahidi asiyependeza. Akanipeleka Kipsing, eti kuandika kaya za wafugaji. Nilikaa huko miaka miwili katika chumba cha mabati chenye meza na kiti kimoja. Watu walikuwa wameshasikia jina langu. Waliniitikia, maana salaam aleikum ni lazima ijibiwe, halafu wakakumbuka kwamba wana kazi mahali pengine. Nikipita nyumba kwa nyumba, walijibu maswali yangu yote haraka haraka, kama mtu anayemmwagia mbwa maji ili aende. Siku nyingine nilimaliza siku nzima na sauti yangu mwenyewe haikutoka isipokuwa kuuliza, "Mnakula chungu kimoja?" Wao walikula. Mimi nilikuwa na sufuria ndogo na nilikula nimesimama.

Waliponirudisha Isiolo mji ulikuwa umejaa. Barabara ambayo zamani nilimaliza kwa mkebe mmoja wa rangi, sasa ilikula mikebe minne. Bula zilikuwa zimeungana. Hujui moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Pale Dadacha kulikuwa na nyumba za mawe za kupangisha, vyumba kumi kwa mstari. Nne ni za Murithi, ameandikisha kwa jina la shemeji yake. Tatu ni za Diwani Halake. Mimi ndiye nilitumwa kuzipaka namba. Nilipaka juu, upande wa kulia.

Baadaye ikaja barua ya kupunguza wafanyakazi wasio na vyeti vya shule. Sikuwa mzee, nilikuwa na miaka arobaini na kitu, lakini walisema ni kustaafu mapema. Nilirudisha brashi, stensili na funguo. Karani mpya hakujua stensili ni za nini. Aliziweka kwenye sanduku la takataka nikiwa bado nimesimama pale. Nikaomba nione ile rejista ya zamani. Akaniambia ilichukuliwa, hajui na nani. Mimi najua. Murithi alihamishwa kwa cheo kikubwa, ana gari. Diwani Halake alishindwa kura, anakaa hotelini kunywa chai, na watu wanamlipia. Wananiona mimi nikipita na kunigeuzia mgongo, na yeye wanamlipia chai. Kwa sababu yeye hakuwaahidi kitu kwa mdomo wake. Mimi niliahidi.

Nina chumba kimoja katika mtaa wa Kambi ya Juu. Asubuhi naenda sokoni kununua maziwa, si kwa sababu nina haja ya maziwa kila siku. Mama Kabale huuza pale, amekaa juu ya gunia pamoja na wanawake wengine. Kwa miaka alikuwa ananipimia bila kuniangalia, kama unavyompimia mgeni. Halafu mwishoni mwa miaka ya themanini redio ikaanza kutangaza kwamba watu watahesabiwa tena nchi nzima. Asubuhi moja nikanyoosha mkono kuchukua chupa yangu, hakuiachia.

"Wewe Guyo."

"Naam, ayo."

"Wanasema watahesabu tena. Wakija kule kwetu, tujionyeshe ama tujifiche?"

Wanawake wengine wakaacha kupima maziwa. Nilitafuta mzaha katika uso wake, haukuwepo. Alikuwa ananiuliza kama mtu anayeuliza fundi, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na hakuwa na mtu mwingine wa kumwuliza. Nilijua jibu la ofisi. Wasipoandikwa hawapo; hakuna bomba, hakuna shule, hakuna zahanati. Nilijua pia kinachofuata wakishaandikwa na mtu akagundua kwamba ardhi wanayokalia inaweza kuuzwa.

"Jificheni," nikamwambia.

Akaachia chupa. "Haya," akasema, akamgeukia mteja mwingine.

Siku ya hesabu alikuja kwangu mwalimu wa kike, mwenye kofia ya jua na fomu zake kwenye ubao. Alikuwa hodari, alitembea na kushoto kwake, niliona. Aliniuliza yote, nikajibu yote. Kisha akasimama mlangoni akaonyesha upande wa kaskazini, mbali, kupita nyumba za mwisho.

"Mzee, unajua huku vizuri. Kule kuna watu wanaishi? Naona moshi."

"Hakuna," nikasema. "Ni wachoma makaa. Wamepita tu."

Alinishukuru, akaandika kitu, akaenda.

Kwa hivyo mkisoma mahali idadi ya watu wa Isiolo ya mwaka ule, jueni kuna watu hawamo. Mpaka leo wanachota maji mtoni, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na mimi ndiye niliyewatoa kwenye kitabu, mara mbili. Mara ya kwanza niliogopa. Hii ya pili nimekaa nikiifikiria peke yangu hapa chumbani, na sijaweza kujua kama niliwaokoa au niliwaua na kiu.